Kurudi Kenya kutoka Saudia bila kupoteza ulichochuma

Mkataba wa kazi za nyumbani Saudia kwa kawaida ni wa miaka 2. Anza kujiandaa miezi 4 kabla haujaisha, maana haki nyingi hudaiwa ukiwa bado huko. Ukishatua Nairobi, kumfuatilia kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, ni shughuli pevu.

Angalia kwanza tarehe ya kuisha kwa iqama, kibali chako cha kuishi Saudia. Viza ya kuondoka moja kwa moja, khuruji nihai, huombwa na mwajiri kwenye Absher, mfumo wa mtandaoni wa serikali ya Saudia, na iqama iliyokwisha muda huikwamisha. Ikishatolewa una siku 60 za kuondoka. Usiichanganye na khuruji wa auda, ambayo ni ruhusa ya kwenda likizo na kurudi: ukipewa hiyo, mkataba haujafungwa na hesabu yako haijamalizwa. Kama husomi Kiarabu, mtumie mtu unayemwamini picha ya karatasi akusomee.

Halafu mshahara. Andika kila mwezi tarehe uliyolipwa na kiasi, na nakala ya daftari hilo uitume nyumbani kwa simu. Dai malipo yote wiki 2 kabla ya safari. Ahadi ya “nitakutumia ukifika” isikubaliwe hata kama madam ni mwema. Usitie sahihi karatasi ya kwamba umelipwa kabla pesa hazijaingia. Ukimaliza miaka 4 mfululizo kwa mwajiri mmoja, sheria inakupa kiinua mgongo cha mshahara wa mwezi 1. Kwa anayelipwa riyali 1,000 hizo ni kama shilingi 34,000, na wengi huziacha kwa kutojua.

Ukizuiliwa kuondoka, piga 19911, simu ya wizara ya kazi ya Saudia, au wasiliana na ubalozi wa Kenya, Riyadh. Kama uko salama, fanya hivyo kabla ya kutoka nyumba hiyo: kafili akikuandikisha huruub, yaani kwamba umetoroka, safari inaweza kukwama kwa miezi. Ukiwa unapigwa au unadhulumiwa kimwili, toka kwanza, kisha uende ubalozini. Pasipoti ikipotea, ubalozi hutoa hati ya dharura ya kusafiria.

Beba nakala ya mkataba na barua ya mwajiri inayotaja kazi ulizofanya: kupika, kulea mtoto, kumtunza mzee. Piga picha za vyakula ulivyopika, lakini watu wa nyumba hiyo usiwapige picha bila ruhusa yao. Saudia hilo ni kosa la jinai. Ushahidi huu una kazi. NITA, mamlaka ya serikali ya Kenya ya mafunzo ya kazi, hupima ujuzi uliopatikana kazini na kutoa cheti bila kukurudisha darasani, na cheti hicho kinakuweka mbele ya wengine ukiomba kazi hotelini.

Pesa ziwe kwenye akaunti au sacco yenye jina lako, si la mume wala kaka. Ukiambiwa shamba limenunuliwa, itisha namba ya hati, hati hiyo ifanyiwe upekuzi katika ofisi ya ardhi kabla hujatuma pesa nyingine. Shamba la kilimo linahitaji pia kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi. Ukirudi na shilingi 200,000, tenga 60,000 za kula kwa miezi 3, na 20,000 za kuwapa watu, basi. Zinazobaki zisiguswe miezi hiyo mitatu. Biashara inayofunguliwa wiki ya kwanza hufa kwa sababu bei ulizoziacha zimebadilika na bado hujawajua wateja.

Aliyeondoka kabla ya Oktoba 2024 aliacha bima ya afya ya NHIF; sasa ni SHA. Jisajili kwa *147# pamoja na watoto. Asiye na ajira hulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi.

Na watoto ndio jambo gumu kuliko yote haya. Mtoto aliyeachwa na miaka 2 humwita bibi mama, na akikukimbia si kwamba hakupendi. Usimhamishe siku ulipofika. Kaa naye hapo hapo kwa bibi mwezi mmoja au miwili, umwogeshe, umpeleke shule, bibi akiwepo. Mwulize bibi anapenda kula nini na huogopa nini usiku. Akianza kukuletea shida zake mwenyewe, ndipo uzungumzie kuhama.