Pambo la Utepe la Kutundika, Linalotumika Tena na Tena
Andaa kamba ya pamba ya mita 2 na vipande vya utepe vyenye urefu wa sentimita 30. Kunja kila kipande katikati, pitisha kitanzi chake nyuma ya kamba, kisha ingiza ncha zote mbili ndani ya kitanzi hicho na uvute. Fundo hili, lisilohitaji gundi wala sindano, hufunguka kwa urahisi unapotaka kubadilisha rangi. Utepe wa satini, ingawa hupendeza kuliko mwingine, hufumuka nyuzi upesi, kwa hiyo kata ncha zake kimshazari. Acha sentimita 20 tupu kila upande kwa ajili ya kufungia. Sherehe ikiisha, lizungushe pambo kwenye kipande cha boksi, kwani likirundikwa mfukoni hutatanika.