Dondoo kwa washauri: fuata kasi ya mteja, usimuigize

Kwa mnaofanya ushauri nasaha au tiba ya kisaikolojia, jaribuni hii: mteja akikuruhusu kurekodi video ya kikao, iangalie dakika chache bila sauti kabisa. Maneno yakiondoka ndo unaona miili inavyoongea, mteja anainama mbele na wewe baada ya sekunde kadhaa unainama, ye anatuliza mikono na wewe unatulia, au kinyume chake ye kaganda kwenye kiti we unatikisa kichwa mfululizo kama mjusi.

Ramseyer na Tschacher, watafiti wa Bern kule Uswisi, mwaka 2011 walichapisha utafiti wa vikao 104, kompyuta ikapima mijongeo kwenye video, na pale miili ilipoendana zaidi uhusiano ulikuwa mzuri zaidi na matokeo ya tiba pia. Ila hiyo haimaanishi ukikunja mguu kila akikunja basi atapona, tena akikushtukia unamuiga imekula kwako.

Mi nasema fuata kasi, sio pozi. Akiongea polepole na we punguza, akinyamaza usikimbilie kujaza. Lakini akija kapaniki anahema juu juu hapo usimfuate kabisa, shusha mabega, pumua taratibu, mpe muda, mara nyingi anaanza kushuka mwenyewe kukufuata wewe. Na kama kikao kizima unaandika macho chini, weka kalamu pembeni kwanza, maana hapo hata hujamuona wa kuendana naye.