Jinamizi likikukaba: la kufanya usiku ule ule, na namna ya kulipunguza

Macho yako wazi. Unaliona pazia, unaisikia feni ikizunguka, lakini mkono hauinuki na sauti haitoki. Kifua kimeelemewa. Kuna kitu kimesimama mlangoni, au kimeshakukalia. Kisha ghafla mwili unaachiwa, unabaki umelowa jasho na moyo unakwenda mbio.

Huko ndiko kukabwa na jinamizi. Tafiti nyingi zilipojumlishwa mwaka 2011, ilionekana kwamba takriban watu 8 katika kila 100 hupatwa nalo walau mara moja maishani, na kwa wanafunzi ni kama 28 katika 100. Kwa wengi huanza ujanani. Anayejua kinachotokea ndani ya dakika ile hupungukiwa na hofu, na hofu ndiyo inayoligeuza jinamizi kuwa mateso. Kwa hiyo tuanzie ndani ya ubongo.

Kufuli la misuli

Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90. Katika kila mzunguko huwamo kipindi cha usingizi wa ndoto, ule ambao mboni hukimbia huku na huku chini ya kope. Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago ndio walioueleza mwaka 1953. Mwanzo wa usiku kipindi hicho ni kifupi. Kuelekea alfajiri hurefuka.

Ukiwa ndani yake, shina la ubongo hufunga misuli karibu yote. Ni kinga: ukiota unakimbizwa na mbwa, miguu isitimke kitandani. Misuli ya macho huachwa huru, na kiwambo cha kupumulia huendelea na kazi yake. Jinamizi ni akili kuamka kabla kufuli hilo halijafunguliwa, au kufuli kufungwa mapema wakati ndiyo kwanza unasinzia. Ndoto nayo haijakatika, inamwagikia chumbani ukiwa macho. Hayo ndiyo maruweruwe: kivuli, nyayo, mnong'ono, mwili kuhisi unaelea.

Kubanwa kifua kunatisha kuliko yote, basi tukuangalie kwa karibu. Misuli iliyo katikati ya mbavu imelegea pamoja na mingine. Kiwambo kinakuvutia hewa ya kukutosha, ila pumzi ni fupi na haifuati amri yako. Unataka kuvuta pumzi ndefu, kifua hakitii, ubongo unatafsiri kwamba umekaliwa na mtu. Kadiri unavyopambana ndivyo unavyohisi unanyongwa. Hewa, hata hivyo, inaingia muda wote.

Na yule mtu wa mlangoni? Mwaka 2006 watafiti nchini Uswisi walipitisha umeme mdogo upande wa kushoto wa ubongo wa mgonjwa wa kifafa aliyekuwa macho, pale sehemu ya pembeni mwa kichwa inapokutana na ya juu. Akahisi kuna mtu nyuma yake anayeiga mkao wake: akilala naye kalala, akiketi naye kaketi. Sehemu hiyo ndiyo inayouambia ubongo mwili wako uko wapi na unaishia wapi. Hesabu yake ikivurugika, mwili wako mwenyewe unaweza kuhisiwa kama mtu wa pili.

Umbo la huyo mtu kila jamii humvisha nguo zake. Kisiwani Newfoundland, Kanada, ni ajuza anayekalia kifua. Wajapani husema kanashibari, kufungwa kwa chuma. Pemba na Unguja mwaka 1995 watu walilala nje kwa makundi kwa kumhofia Popobawa, pepo aliyesemekana kuwavamia watu usiku, na mengi katika yaliyosimuliwa, kuelemewa, kushindwa kupiga kelele, yanafanana mno na jinamizi. Hofu ile ilifikia watu kumuua mtu asiye na hatia, mgonjwa wa akili. Ndiyo maana mtu akikuhadithia lililompata usiku, kumwuliza nani kamroga ni jambo la hatari, hata ukiuliza kwa nia njema.

Limekukaba, fanya hivi

Kwanza, litaje jina moyoni: "Hili ni jinamizi. Akili imeamka, mwili bado." Sentensi hiyo ikariri mchana mara kadhaa kabla ya kulala, kwa sababu dakika ile hutapata nafasi ya kuitunga. Kisha funga macho. Maruweruwe mengi hujengwa juu ya vitu vya chumbani: koti lililotundikwa, mwanga wa dirishani. Ukiyafumba unayanyima mbao za kujengea.

Pili, usipigane. Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa lao linaeleweka, maana kila aliyekabwa hutaka kujitupa nje ya kitanda. Misuli mikubwa ya mikono, kifua na shingo ndiyo iliyofungwa hasa. Kuisukuma hakuleti kitu ila woga. Iachie pumzi ijiendeshe. Wewe fuatisha tu inavyotoka, usiivute.

Tatu, peleka mawazo ndani, kwenye kitu kimoja unachokipenda na kukiamini. Dua, dhikri, Baba Yetu, uso wa mama yako: chochote kinachokutuliza kinafaa, mradi ukishike hicho hicho na usikimbilie kutazama mlangoni. Baland Jalal, mtafiti wa usingizi, ametengeneza tiba yenye hatua za namna hii, na sala imo kati ya vitu anavyovikubali. Ila isome kwa utulivu. Dua inayosomwa kama mtu anayezama inaongeza mapigo ya moyo.

Wako wanaoona heri kutikisa kiungo kidogo: ncha ya kidole gumba cha mguu, au ulimi. Kwa baadhi hufungua mwili wote. Jaribu mara moja au mbili kwa upole. Kikikataa, rudi kwenye pumzi. Kwa kawaida yote huisha kati ya sekunde chache na dakika chache, ingawa mwenyewe utaapa ilikuwa nusu saa.

Ukishaachiwa, usigeuke tu ukalala tena. Ubongo bado uko mlangoni mwa usingizi wa ndoto, na ukirudi pale pale kwa mkao ule ule, linaweza kukukaba mara ya pili na ya tatu usiku huo huo. Keti, washa taa, nenda kanywe maji, kaa macho dakika 5 hadi 10, halafu ulale kwa ubavu.

Unayelala naye mweleze mapema. Ishara yake ni pumzi nzito ya haraka au mguno kama wa bubu. Akiusikia, akushike bega na kukuita jina kwa sauti ya kawaida. Mguso mara nyingi hulikata papo hapo. Asikumwagie maji wala asipige ukelele.

Kulipunguza

Kulala chali ndiko kunakolialika zaidi. Tatizo ni kwamba unalala ubavu, unaamka chali. Chukua fulana ya zamani inayobana kiasi, shona mfuko mdogo mgongoni, katikati ya mabega, tia humo mpira wa tenisi au soksi mbili zilizokunjwa zikawa duara, kisha ushone mdomo. Ukigeukia chali utakerwa na kurudi ubavuni bila hata kuamka. Mfuko usiwe kiunoni, utaumiza mgongo. Kitambaa kilegevu nacho hakifai, maana mpira utahamia kwapani. Asiyependa fulana aweke mto mrefu nyuma ya mgongo, ingawa mto huteleza.

Jambo kubwa zaidi ni usingizi uliokatwakatwa. Watafiti wa Kijapani mwaka 1992 waliwaamsha watu makusudi usiku, wakawaweka macho kwa muda, wakawarudisha kulala. Baadhi wakakabwa na jinamizi mbele ya mitambo ya kupima. Sasa tazama mwezi wa Ramadhani: mtu kalala saa 6 usiku, kaamka saa 10 kwa daku, kasali, karudi kitandani alfajiri, saa zile zile usingizi wa ndoto unapokuwa mwingi. Mlinzi wa zamu, muuguzi na dereva wa magari ya usiku nao wamo humo. Kwa watu hawa shauri ni mawili. Walale mapema zaidi, hata kwa saa moja tu, au wafidie kwa kulala mchana dakika 20 hadi 30, wakiwa wameegemea au kwa ubavu. Usingizi mrefu wa mchana, chali, mtu akiwa hoi, ni mwaliko mwingine.

Chai ya rangi nzito, kahawa na miraa vinausogeza usingizi mbele. Kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua nusu, basi kikombe cha saa 11 jioni nusu yake bado imo mwilini saa 4 usiku. Pombe hudanganya zaidi: hulaza haraka, huzuia ndoto mwanzo wa usiku, kisha ndoto zinarudi kwa fujo kuelekea asubuhi. Na anayekesha makusudi kwa kuogopa kulala anajikusanyia deni ambalo ubongo utalilipa kwa ndoto nyingi usiku unaofuata. Usinunue valiamu, dawa ya kutuliza na kulaza, duka la dawa kwa ushauri wa rafiki.

Andika daftari kwa wiki 3. Mstari mmoja unatosha: "Jumanne. Kulala saa 7 usiku. Kuamka saa 10, choo. Limekaba kama saa 11, chali. Usiku wa jana usingizi wa saa nne tu. Kahawa jioni." Mistari 20 ya namna hiyo huonesha kinachojirudia, na hicho ndicho cha kushughulikia kwanza, ukibadilisha mambo matano kwa pamoja hutajua lipi limesaidia.

Nenda hospitali kama linakukaba kila wiki, au kama mchana usingizi unakuangusha hata ukiwa katikati ya mazungumzo. Ukicheka sana magoti yakalegea ghafla huku akili ikiwa timamu, lisimulie hilo kwanza, maana ni dalili ya nakolepsia, ugonjwa wa ubongo wenye dawa zake. Anayekoroma kisha pumzi ikakatika na kurejea kwa kishindo naye achunguzwe. Kukakamaa, kutikisika mwili mzima, kujing'ata ulimi au kujikojolea si jinamizi. Hapo panachunguzwa kifafa. Kama kuna dawa unazotumia kila siku na ndoto zimekuwa kali tangu uzianze, usiziache mwenyewe: beba majina yake pamoja na daftari, umwoneshe daktari saa uliyomeza kila dozi.