Kuboresha Kidhibiti cha Toni kwenye Gitaa la Besi Lisilotumia Betri

Wapiga besi wengi wa Nairobi, hasa wanaopiga kanisani Jumapili asubuhi na katika bendi za hotelini mwishoni mwa wiki, hufungua nobu ya toni hadi mwisho siku wanaponunua gitaa na hawaigusi tena. Wana sababu zao. Wakiirudisha kidogo hakuna kinachobadilika, na wakiifunga kabisa sauti inageuka mvumo mzito usiotofautisha noti, kiasi kwamba ngoma na kinanda vikiingia, hakuna anayejua besi inacheza nini. Kasoro hiyo hutokana zaidi na thamani ya kapasita moja ndogo iliyochaguliwa kiwandani, na inarekebishika mezani kwa muda mfupi. Maelezo yafuatayo yanahusu besi za muundo wa Precision Bass, iliyotolewa na Fender mwaka 1951, na Jazz Bass ya mwaka 1960, pamoja na nakala zake nyingi zinazouzwa mjini. Ikiwa gitaa lako lina kijumba cha betri ya volti 9 mgongoni, kwa kawaida saketi yake ni nyingine kabisa na mwongozo huu hautakufaa.

Kabla ya kushika bisibisi ni vyema kuelewa kinachotokea ndani. Pikapu ni koili ya waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara kandokando ya sumaku. Nyuzi zikitetemeka juu yake huzalisha mkondo dhaifu, ambao hupitia potenshomita ya sauti (kinzani kinachobadilika unapozungusha nobu) na kutokea kwenye jeki, yaani tundu la kebo. Nobu ya toni iko pembeni mwa njia hiyo: potenshomita yake na kapasita vimeunganishwa kwa mfuatano kati ya njia ya sauti na ethi, yaani upande wa ardhi wa saketi. Kapasita hupitisha masafa ya juu kwa urahisi na kuyazuia ya chini, kwa hiyo ukinzani wa potenshomita unapopungua, masafa ya juu humwagika kwenye ethi na ya chini hubaki.

Maelezo hayo ni ya kweli, ila yanaacha jambo ambalo mpiga besi analihitaji zaidi. Koili ya pikapu ina induktansi, yaani tabia ya kupinga mabadiliko ya mkondo, na induktansi ikikutana na kapasita huunda kilele: masafa fulani hupandishwa, na yote yaliyo juu yake hushuka kwa kasi. Chukua mfano wa pikapu yenye induktansi ya henri 5. Nobu ikiwa wazi, kapasita pekee inayohesabika ni ile ya kebo na ya koili yenyewe, tuseme pikofaradi 600 kwa kebo ya mita tano, na kilele hukaa karibu na hezi 2,900, mahali panapotoa mng'ao wa nyuzi mpya. Ukifunga nobu kabisa, kapasita ya toni ndiyo inayotawala. Ikiwa ni ya nanofaradi 47, ambayo ndiyo hutumika zaidi kwenye besi za aina hii, kilele hushuka hadi kama hezi 330; ikiwa ni ya nanofaradi 100, kama zile za Precision za zamani, hushuka hadi kama 225. Ya nanofaradi 22 hukiweka karibu na 480, ya 10 karibu na 710, na ya 4.7 karibu na 1,040.

Tazama sasa tarakimu hizo kwa jicho la mwanamuziki. Uzi wa E ukipigwa wazi una masafa ya hezi 41.2 na uzi wa G una 98, lakini spika ndogo za ukumbini na za simu hazitoi vizuri masafa ya chini kiasi hicho. Sikio huitambua noti kwa sauti zake za juu zaidi, zile zilizo kati ya hezi 300 na 1,000. Kapasita ya nanofaradi 47 ikifungwa kabisa hukata sehemu kubwa ya eneo hilo. Isitoshe, ukinzani wa waya wa koili, ambao kwa pikapu ya Precision mara nyingi hukaribia kiloomu 10, hukizima kilele kinapokuwa chini sana, ndiyo maana ukiwa na nanofaradi 47 au 100 huusikii mwinuko wowote wa maana, unasikia kukatwa tu. Kwa nanofaradi 22 mwinuko unaanza kujitokeza, na kwa 10 unakuwa dhahiri: noti inabaki nene, ukali wa kidole na mlio wa freti umeondoka, lakini katikati pamevimba kwa mkoromo unaoifanya besi isikike kati ya magitaa mawili ya benga. Kwa maoni yangu hili ndilo badiliko lenye faida kubwa kuliko yote unayoweza kuifanyia besi isiyo na betri, na bei ya kapasita yenyewe mara nyingi haifiki nauli ya matatu ya kukuleta mjini kuinunua.

Kapasita hizo hupatikana katika maduka ya vifaa vya elektroniki ya Luthuli Avenue na River Road. Omba kapasita za filamu ya poliesta, za volti 50, 63 au 100. Volteji ya pikapu ni ndogo mno, kwa hiyo kapasita ya volti 400 inaongeza ukubwa tu na kukunyima nafasi ndani ya gitaa. Thamani huandikwa kwa tarakimu tatu, mbili za kwanza zikiwa namba yenyewe na ya tatu idadi ya sufuri kwa pikofaradi (pikofaradi 1,000 ni nanofaradi 1): 473 ni nanofaradi 47, 223 ni 22, 103 ni 10, na 472 ni 4.7. Herufi inayofuata hutaja uvumilivu wa kipimo, J ikiwa asilimia 5, K asilimia 10 na M asilimia 20. Nunua 472, 103, 153, 223, 333 na 473, kipande kimoja kimoja au viwili viwili. Usikubali kapasita ya elektroliti yenye alama ya kujumlisha na kutoa, maana hiyo ni ya kazi nyingine.

Utasikia habari za kapasita za karatasi zilizozamishwa kwenye mafuta, zinazouzwa kwa bei ya seti nzima ya nyuzi. Katika saketi hii, kapasita mbili zenye thamani iliyo sawa kwa kipimo zitatoa sauti moja, ziwe za karatasi, za poliesta au za kauri. Tofauti ambazo watu husikia kati ya aina hizo kwa kawaida ni tofauti za thamani, kwa sababu kapasita za kauri za bei rahisi huweza kuwa mbali sana na namba iliyoandikwa juu yake. Weka fedha hizo kwenye nyuzi mpya, kwa kuwa nobu ya toni haiwezi kurudisha mng'ao uliokwisha kufa kwenye nyuzi za miaka mitatu.

Kazi ianze kwa kipimo. Chomeka kebo kwenye gitaa, fungua nobu zote, weka multimita kwenye omu na upime kati ya ncha ya plagi na mwili wake wa chuma. Precision itaonyesha kitu kama kiloomu 10. Jazz ambayo nobu zote mbili za sauti ziko wazi itaonyesha karibu nusu ya pikapu moja, kwa kuwa pikapu hizo zimeungana sambamba. Iandike namba hiyo. Kapasita haipitishi mkondo wa moja kwa moja, kwa hiyo kazi ya toni haipaswi kuibadilisha, na ukimaliza ukiipata ileile utajua kwamba hukukata waya wala kugusisha njia ya sauti na ethi.

Legeza nyuzi, fungua bamba la plastiki au la chuma linalobeba nobu, kisha piga picha za simu zinazoonyesha kila waya na kila mguu wa potenshomita. Kapasita ya toni utaitambua kwa urahisi: ni kile kidonge au kisahani chenye miguu miwili, ambacho mara nyingi mguu mmoja uko kwenye potenshomita ya toni na mwingine umelehemiwa mgongoni mwake, ambako ndiko kwenye ethi. Katika magitaa mengine kapasita iko kati ya potenshomita ya sauti na ile ya toni, na mguu wa toni ndio unaokwenda ethi; mpangilio huo haubadilishi sauti, kwa hiyo ufuate ulioukuta.

Usilehemu kapasita mpya bado. Ondoa ya zamani, lehemu waya mbili nyembamba mahali pa miguu yake, zitoe nje kupitia ukingo wa bamba, na uweke vibanio vidogo vya meno kwenye ncha zake. Rudisha bamba, kaza nyuzi, na sasa unaweza kubadili kapasita kwa sekunde chache huku gitaa likiwa kwenye ampli. Mvumo wa umeme utaongezeka kidogo kwa sababu waya ziko nje, usiujali. Jambo la kuzingatia ni mahali pa kufanyia jaribio hili: chumbani ukiwa peke yako kila mtu hupenda sauti nene, na ni pale tu mpiga ngoma na mpiga kinanda wanapokuwepo ndipo utakapojua kapasita ipi inaacha noti zako zisikike. Jaribu kila thamani nobu ikiwa imefungwa kabisa, kwa kuwa kilele hujitokeza karibu na sufuri. Ukiwa katikati ya mzunguko, ukinzani wa potenshomita hukizima na sauti huwa tambarare.

Kwa anayepiga benga au nyimbo za sifa zenye mwendo wa haraka, naona 103 au 153 inafaa zaidi; kwa rumba na regee, ambako besi huachiwa nafasi pana chini, 223 au 333 inatosha bila kuzamisha noti. Mwenye Jazz Bass anayefungua pikapu zote mbili akumbuke kwamba induktansi ya koili mbili zilizo sambamba hushuka takriban nusu, na kilele hupanda kwa kama mara 1.4, hivyo atahitaji kapasita kubwa kidogo kupata sauti ileile.

Ukishachagua, lehemu kwa utulivu. Mgongo wa potenshomita hufyonza joto, kwa hiyo chuma cha kulehemu cha wati 40 hadi 60 hufanya kazi kwa haraka kuliko cha wati 25, ambacho hukulazimu kukishikilia hadi ndani ya potenshomita kunaharibika. Tumia lehemu ya elektroniki yenye ulimbo ndani, wala usitumie dawa ya asidi ya mafundi wa mabomba, kwa kuwa hula waya polepole. Kwaruza mgongo huo kwa msasa, pasha chuma na waya kwanza, kisha ndipo uguse lehemu. Kiungo kizuri hulala na kung'aa, kibaya hukaa kama tone lililosimama. Umeme ukikatika katikati ya kiungo, usitikise chochote hadi kipoe, halafu ukirudie umeme ukirudi. Visha miguu mirefu ya kapasita kipande cha ganda la waya ili isiguse miguu mingine bamba likifungwa.

Potenshomita nayo ichunguzwe wakati bamba liko wazi. Ikiwa inakwaruza inapozungushwa, au ikiwa mabadiliko yote ya sauti yamebanana mwishoni mwa mzunguko, huenda ni ya mstari wa moja kwa moja, iliyoandikwa B, na badala yake inafaa ya A, yaani ya kilogi, ambayo ukinzani wake haubadiliki kwa hatua sawa. Ukinzani uwe kiloomu 250, au 500 kama unataka mng'ao zaidi nobu ikiwa wazi. A250K na A500K huenda zikakutembeza maduka kadhaa, na muuzaji akikupa B50K ya redio akidai ni sawa, mshukuru uondoke, kwa sababu ukinzani huo mdogo utakula mng'ao hata ukiwa umefungua kabisa. Pima tundu la bamba kabla ya kununua: potenshomita za muundo wa Marekani zina shingo ya inchi 3/8, wakati nakala nyingi za Asia zina tundu dogo zaidi, na nobu ya mhimili wa milimita 6 haiingii kwenye mhimili mnene wa robo inchi.

Anayepiga mitindo miwili tofauti anaweza kutumia potenshomita yenye swichi ya kuvuta. Wengi huifunga ichague kapasita moja au nyingine, ila mimi napendelea kuacha 103 ikiwa imeunganishwa daima, na swichi iongeze 333 sambamba nayo. Kapasita zilizo sambamba hujumlishwa, kwa hiyo ukivuta unapata nanofaradi 43, karibu sawa na sauti ya kiwandani, na swichi ikichakaa bado unabaki na toni inayofanya kazi. Unganisha mguu wa kati wa safu moja ya swichi mahali 103 inapokutana na potenshomita, na mguu unaogusana nao nobu ikiwa imevutwa uunganishe na 333 inayokwenda ethi. Safu ya pili iache bila waya. Potenshomita hizi ni ndefu, kwa hiyo pima kina cha shimo la gitaa kwanza.

Kabla ya kukaza skrubu za mwisho, pima tena kwenye plagi ya kebo. Ikisoma karibu na sufuri, kuna mguu unaogusa ethi. Ikisoma kiloomu 250 au isiposoma kitu, kuna waya wa pikapu uliong'oka. Ikiwa mvumo unaendelea hata ukigusa nyuzi, tafuta waya mwembamba unaotoka kwenye daraja la nyuzi hadi mgongoni mwa potenshomita, kwani huo ndio hung'oka mara nyingi bamba linapoinuliwa. Andika thamani ya kapasita na tarehe kwenye karatasi ya gundi, uibandike upande wa ndani wa bamba, kisha funga na ukaze nyuzi.