SOMO: Kwenda kuskii Ufaransa kwa treni kutoka London, bila kukanyaga uwanja wa ndege

Wakuu salaam. Kila ikikaribia Oktoba maswali ni yale yale: "Kaka, ile safari yenu ya theluji mlipitia wapi?" "Treni inafika mpaka mlimani kweli?" Naandika mara moja tu, na kuanzia leo atakayeniuliza nitamtumia somo hili. Ukiuliza kitu ambacho kimo humu, usinune nikikujibu kwa mkato.

Naeleza njia moja ninayoijua: London St Pancras, Paris, halafu bonde la Tarentaise kwenye milima ya Alps hadi Bourg-Saint-Maurice, kituo ambacho reli inaishia. Wengi wakiona ndege ya Geneva iko angani muda mfupi hivyo, hesabu wanafunga hapo hapo. Foleni ya uwanjani hawaihesabu, ada ya begi hawaihesabu, wala basi la Jumamosi la kupandia milimani, na kipande cha Albertville hadi Moûtiers siku hiyo magari hutambaa. Reli inapita pembeni mwa foleni hiyo. Tena umeme wa Ufaransa kwa sehemu kubwa ni wa nyuklia, hivyo moshi wa safari hii ni mdogo mno ukilinganisha na wa ndege. Anayelipia theluji angalau asishiriki kuiyeyusha.

Hatua ya 1: Chagua kituo cha treni kabla ya mlima. Watu hufanya kinyume, kisha wanashangaa nauli ya teksi. Moûtiers ni kwa wanaokwenda Courchevel, Méribel, Les Menuires na Val Thorens. Aime ni La Plagne. Landry ni Peisey-Vallandry. Bourg-Saint-Maurice ni Les Arcs, Tignes na Val d'Isère. Kama ni mara yako ya kwanza, nenda Les Arcs na usijisumbue kutafuta zaidi: jirani na kituo kuna treni ya kamba inayokupandisha hadi Arc 1600 kwa dakika 7. Kwingine kote utapanda basi la kona kona, na kama una mtoto anayetapika garini unajua ninachosema.

Hatua ya 2: Visa. Pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo inahitaji visa ya Schengen, hata kama umeishi Uingereza miaka ishirini. Mwenye pasipoti ya Uingereza haimhusu. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usisubiri huo mwisho, maana siku za miadi huisha. Bima ya safari lazima ifike euro 30,000 za matibabu. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima.

Hatua ya 3: Tarehe. Kimbia likizo za shule za Februari. Wafaransa wamegawa nchi kanda tatu, kila moja na wiki zake, Paris ikiwa kanda C. Waingereza nao wana nusu muhula mwezi huo huo. Januari baada ya mwaka mpya, au Machi, kuna nafuu. Nyumba nyingi zinapangishwa Jumamosi hadi Jumamosi.

Hatua ya 4: Tiketi, na uzinunue kwa mpangilio huu. Anza na TGV, treni ya kasi ya Ufaransa, ya Paris hadi milimani. Inayokwenda moja kwa moja hadi Bourg-Saint-Maurice inachukua kama saa tano, na ya Jumamosi ndiyo inayogombaniwa. SNCF, shirika la reli la Ufaransa, kwa kawaida hufungua tiketi za msimu wa baridi mwezi Oktoba, kwa hiyo weka kengele kwenye simu. Ukishaipata ndipo utafute Eurostar ya kuendana nayo, maana za London hadi Paris ziko nyingi kwa siku. Anayeanza na Eurostar kwa sababu ameona bei nzuri hujikuta yuko Paris saa tatu asubuhi na TGV yake ni ya saa kumi jioni, au hakuna kabisa. Visa ikiwa haijatoka, soma masharti ya kubadilisha na kurudisha kabla hujalipa.

Hatua ya 5: Mizigo. Masanduku mawili na mkoba mmoja, mwisho. Kwenye TGV kila begi liwe na lebo yenye jina lako, ni lazima. Skii, buti na fimbo kodi huko huko.

Hatua ya 6: St Pancras. Geti linafungwa dakika 30 kabla ya treni kuondoka, na polisi wa mpaka wa Ufaransa wako hapo hapo London. Tangu Oktoba 2025 Ulaya imeanza kuchukua alama za vidole na picha za wageni mpakani, kwa hiyo wahi. Saa za kwenye tiketi ni za mahali husika; Paris iko mbele kwa saa moja.

Hatua ya 7: Kuvuka Paris. Hapa soma mara mbili.

Eurostar inakushusha Gare du Nord. TGV ya milimani inaondokea Gare de Lyon. Ni stesheni mbili tofauti kabisa, na mji uko katikati. Kwenye ramani ni rahisi: RER D, treni ya mjini, inasimama Châtelet–Les Halles, kinachofuata ni Gare de Lyon. Ndani ya treni ni kama dakika kumi. Zinazokuua ni dakika nyingine zote: kushuka behewa la kumi na sita na kutembea jukwaa zima, ngazi za kwenda chini, mashine ya tiketi yenye watu thelathini mbele yako ambao nao wametoka London, vigeti vyembamba ambavyo sanduku linapita na wewe unabaki. Sisi mara ya kwanza tulijiachia chini ya saa moja, na TGV ilituacha tukiwa tunaiona. Weka dakika 90, chini ya hapo usishuke. Ukiwa na watoto, saa mbili.

Maonyo yake:
– Tiketi ya RER, kama euro 2.50, inunue kwenye simu kabla hujafika, au tumia kadi ya Navigo Easy. Kadi moja kwa mtu mmoja, hampitishani.
– Wikiendi RER D wakati mwingine inafungwa kwa matengenezo. Angalia siku moja kabla. Ikifungwa, Metro 4 hadi Châtelet, kisha 14 hadi Gare de Lyon.
– Gare de Lyon ina kumbi. Ukumbi wa 1 njia zake zina herufi, Ukumbi wa 2 zina namba. Njia ya treni yako inatangazwa kama dakika 20 kabla. Simama mahali unapoona ubao, siyo mahali penye kahawa nzuri.
– Milango ya TGV inafungwa dakika 2 kabla ya muda wa kuondoka. Hawamsubiri mtu.
– Ukichelewa kwa kosa la treni, mwombe mhudumu wa treni uthibitisho wa maandishi kabla hujashuka. Ukishatoka stesheni unabaki na maneno matupu.

Hatua ya 8: Kupanda TGV. Mara nyingi ni treni mbili zilizounganishwa, behewa 1 hadi 8 na 11 hadi 18, na huwezi kupita ndani kutoka moja kwenda nyingine. Wakati mwingine zinaachana njiani. Panda yenye namba yako hata kama unahema.

Hatua ya 9: Kurudi. Kinyume chake, ila Gare du Nord kuna ukaguzi wa Wafaransa na wa Waingereza pamoja, hivyo ongeza muda. Wenye eVisa, kibali cha Uingereza cha mtandaoni, hakikisheni pasipoti mnayosafiria ndiyo iliyounganishwa na akaunti yenu.

Karibuni kwa maswali.

MASWALI

Dogo_Coventry: Kaka somo zuri. Visa inahitajika?

Hatua ya 2.

Dogo_Coventry: Ila mimi nina BRP, si inatosha?

BRP ni kadi ya ukaazi ya Uingereza. Ufaransa siyo Uingereza. Na hizo kadi zenyewe zimeshapitwa, siku hizi ni eVisa. Hatua ya 2, dogo.

Mzee wa Luton: Ndege naiona kwa pauni 40. Wewe unatushauri tupoteze siku nzima kwenye treni?

Mkuu, simshauri mtu, naeleza njia. Hiyo 40 weka begi, weka treni ya kwenda uwanjani saa kumi alfajiri, weka basi la Geneva kwenda na kurudi, halafu uje tuhesabu. Inawezekana bado ukashinda kwa bei, hasa ukiwa peke yako na begi la mgongoni. Sijakataa. Ila hiyo "siku nzima" unaipoteza kwa njia zote mbili. Tofauti ni kwamba mimi nimeipoteza nimekaa, nakula, naangalia Ziwa Bourget dirishani.

Mama Wawili: Asante sana kaka. Nina watoto wa miaka 6 na 9. Nimezoea safari na chakula changu, hawa wakila vya treni ni pesa na bado njaa. Naweza kubeba sambusa na thermos ya chai?

Dada, swali zuri na wengi hawalijui. Tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, nyama na maziwa haviruhusiwi kuingia kutoka huku. Kwa hiyo sambusa za nyama ziliwe kabla ya mpaka, pale pale St Pancras. Za viazi au dengu hazina shida, maandazi hayana shida. Chai iwe ya rangi. Matunda mabichi mengi nayo yamezuiwa, isipokuwa matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Yaani orodha kama imeandikwa na mtu wa Tanga! Sisi tunabeba ndizi na tende. Kurudi, nunua mkate na jibini Bourg-Saint-Maurice, mle treni ya Paris.

Kwa watoto, Navigo Easy ya kwao inapakiwa tiketi za nusu bei wakiwa na miaka 4 hadi 9. Na weka shule ya skii mapema. ESF, wale wa jaketi nyekundu, nafasi za watoto hujaa kabla ya za wakubwa.

Mama Wawili: Mungu akubariki. Na nguo za theluji? Bei nilizoziona dukani nimefunga ukurasa.

Usinunue mpya. Maduka ya hisani mwezi wa nne na wa tano yanajaa suruali za skii za watoto zilizovaliwa wiki moja. Glavu tu ndizo ununue nzuri, mtoto mwenye vidole baridi hajifunzi kitu.

Boda_Kikuyu: Niko Nairobi lakini nacheka. Jaketi za skii tunavaa sisi wa bodaboda. Gikomba zimejaa, zingine bado zina tiketi ya lifti imening'inia kwenye zipu.

Hahaha! Tutumie bando moja huku Luton.

Shangazi_Hamburg: Mwanangu, sisi wa Ujerumani umetusahau. London si ya kila mtu.

Shikamoo shangazi. Nyinyi mna bahati kuliko sisi. Kuna Nightjet ya Austria kutoka Hamburg hadi Innsbruck: unalala, unaamkia milimani. Kama umewahi kupanda TAZARA utazoea haraka, couchette ni chumba chenye vitanda vinne au sita, unakaa na watu usiowajua. Treni zao mpya zilizoanza Desemba 2023 zina pia vijichumba vya mtu mmoja, unafunga kimlango chako. Innsbruck unapanda treni ya kawaida hadi St. Anton am Arlberg, saa moja na kidogo, na kituo kiko kijijini kabisa, unatembea hadi kwenye lifti. Visa haihitajiki ukiwa na kibali cha ukaazi cha Ujerumani, ila beba kibali NA pasipoti, vyote viwili. Mpakani wanapanda kukagua, hasa wakati wa kurudi Ujerumani. Vitanda vinaisha mapema, shangazi, usingoje Desemba.

Shangazi_Hamburg: Marahaba. TAZARA nimeipanda kabla hujazaliwa. Nitawahi.

Mwanafunzi_Leeds: Hivi kuna Waafrika Mashariki wanaoskii kweli au tutashangaliwa?

Utaangaliwa dakika tano, halafu utaanguka na watu wataona ni mgeni kama wageni wengine. Ila historia tunayo. Philip Boit wa Kenya alishiriki Olimpiki ya Nagano 1998, mbio za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, na bingwa, Bjørn Dæhlie wa Norway, alibaki kwenye mstari akimsubiri ili amkumbatie. Mwaka 2018 Sabrina Simader akaiwakilisha Kenya kwenye skii ya kuteremka. Wewe anza na njia za kijani, ndizo rahisi, kisha bluu. Nyekundu na nyeusi ziache. Na kama umri wako haujazidi 27, nunua Carte Avantage Jeune: euro 49 kwa mwaka, unapunguziwa asilimia 30 kwenye TGV. Kwa safari hii peke yake inaweza kujilipa.

Mzee wa Luton: Nikivunjika mguu?

Sasa hilo ndilo swali, mkuu. Kubebwa mlimani Ufaransa kunalipiwa, na GHIC, kadi ya matibabu ya Uingereza, haigusi gharama hiyo. Bima ya visa nayo nyingi hazihesabu skii. Soma maandishi madogo. Unaponunua pasi ya lifti utaulizwa kama unataka bima ya siku kwa siku. Sema ndiyo.

Dogo_Coventry: Nimesoma yote kaka, hadi maswali. Nimeona TGV ya mchana Gare de Lyon, na Eurostar inayonipa dakika 80 katikati. Inayotangulia hiyo ni ghali zaidi kwa pauni 60. Nichukue?

Una mizigo gani?

Dogo_Coventry: Begi moja la mgongoni. Niko peke yangu.

Chukua. Tafuta siti kwenye behewa la mbele kadiri utakavyoweza, tiketi ya RER iwe kwenye simu kabla hujatoka Coventry, na kahawa kanywee ndani ya TGV.