Kupikia wanaolala nje: pa kuanzia, na jinsi ya kufikisha wali bila kuchacha

Dada mmoja jirani yangu hapa Magomeni, Dar es Salaam, ameniuliza mara tatu aanzie wapi. Anataka kujitolea kwenye kikundi chetu, tunaopika Jumamosi kwa watu wanaolala barazani mwa maduka huko Kariakoo na Mnazi Mmoja. Nilimjibu kwa simu huku namenya vitunguu, nusu hakusikia. Basi naandika.

Hatua ya 1: Tafuta kikundi ambacho tayari kinatoka

Usianzishe chako. Uliza msikitini, uliza kwenye jumuiya, uliza kwa serikali ya mtaa. Ukipata kikundi, swali liwe moja: "Februari huwa mnatoka?" Ramadhani na Krismasi kila mtu anagawa, mpaka mtu mmoja analetewa sahani tatu usiku mmoja. Sikukuu zikipita, kimya. Anayetoka Februari, huyo ndiye wa kuungana naye. Na ukisema utakuja Jumamosi mbili kwa mwezi, njoo hizo mbili. Wanaoahidi kila wiki ndio tunaowapigia simu saa tisa hawapokei.

Hatua ya 2: Sokoni

Kilo moja ya mchele hesabu watu saba, wanane kwa shida. Hawa hawajala tangu asubuhi, usiwapimie kama watu wa harusini. Watu themanini: mchele kilo 11, maharage kilo 5. Basi.

Hatua ya 3: Kupika na kubeba

Hapa soma polepole, maana ndipo nilipoaibika.

Mara yangu ya kwanza kukabidhiwa jiko nilitaka kuwafurahisha watu. Nikapika wali wa nazi na maharage ya nazi, saa nane mchana. Tukapakia kwenye vibakuli vya mfuniko wali ukiwa bado unafuka mvuke, tukavipanga kwenye maboksi, tukasubiri gari. Gari likaja saa moja usiku. Mnazi Mmoja mama mmoja akafungua chake, akanusa, akakifunika vizuri, akanirudishia kwa mikono miwili: "Mwanangu, huu umechacha." Tulifungua vibakuli kimoja kimoja pale kwenye taa ya barabarani, watu wamekaa wanatutazama. Vingi vilikuwa vinavuta utelezi. Mpaka tunamaliza kuzunguka kutafuta mikate, ilishafika saa tano.

Tangu siku hiyo:

Nazi hapana. Najua, wali mkavu hauna raha, lakini kwa joto la Dar nazi haingoji. Mafuta, chumvi na kitunguu vinatosha.

Wali uive mwisho kabisa. Maharage (yaliyolowekwa tangu usiku, maji ya kulowekea yakamwagwa) anza nayo mapema, yaache yachemke taratibu jikoni hata masaa matatu, hayadhuriki. Wali injika saa kumi na moja, mtoke saa kumi na mbili na nusu. Gari kwanza, wali baadaye: usibandike sufuria mpaka dereva awe amefika na umemwona kwa macho. "Niko njiani" si gari. Siku za mvua, bonde la Jangwani, kati ya Magomeni na Kariakoo, likijaa maji barabara hufungwa, kwa hiyo uliza kabla hujawasha moto.

Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya masaa mawili kikiwa vuguvugu. Ama kiwe cha moto kweli, zaidi ya nyuzi 60, ama kiliwe. Mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi hata ukichemka. Vikipata uvuguvugu vinazaana na kutoa sumu. Na hiyo sumu ukipasha moto tena haiondoki, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba "tutaupasha".

Beba kwenye hotpoti kubwa, pakua pale pale. Wenzangu wanapenda vibakuli kwa sababu kugawa ni haraka. Mimi sivitaki: mvuke unageuka maji chini ya mfuniko. Kama hotpoti hakuna, sufuria lifungwe kwa blanketi zito, na safari isizidi saa moja. Ndoo zilizowahi kuwekwa rangi ya kupaka nyumba, hata zikioshwa mara kumi, hapana. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, sahau.

Hatua ya 4: Kugawa

Maji ya kunawa kwanza. Wazee wafuatwe walipokaa, wasipange foleni. Na amkia. Kuna babu mmoja anakaa karibu na duka la vitambaa, hupokelea chakula kwenye mfuniko wa ndoo alioung'arisha kama sinia; usipomwambia shikamoo hanyooshi mkono. Ukiamkia atakuitikia marahaba, ndipo atakuuliza kuna nini leo.

Simu ibaki mfukoni. Hakuna picha, hata ya mgongo.

Hatua ya 5: Ukikuta mtoto peke yake

Mpe chakula. Usimpe hela, usimchukue kwako hata roho ikikuuma. Piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, au mwone afisa ustawi wa jamii Jumatatu.

Hatua ya 6: Masufuria

Yanaoshwa usiku huo huo. Ukoko wa kilo 11 ukilala, Jumapili utaubandua kwa kisu. Njoo na dodoki lako, la kikundi lilishaisha.