Umepata ajali Dar? Usipande basi la kurudi Tanga kabla ya haya

Majeruhi anayevuja damu apelekwe hospitali kwanza, habari za polisi zifuate. Namba ya gari, jina na simu ya dereva, simu za mashahidi wawili, picha za magari kabla hayajasogezwa: kazi hiyo aifanye yeyote aliye mzima.

Halafu bima. Sheria inataka kila gari liwe na bima, angalau ile ndogo (third party, inayolipa mtu aliyeumizwa na gari hilo), na bima ndogo ndiyo inayokuhusu wewe uliyegongwa. Usitegemee maneno ya dereva. Ingiza namba ya usajili kwenye TIRA-MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima, uone ni kampuni gani na bima inaisha lini. Hifadhi picha ya ukurasa huo siku hiyohiyo, maana kinachoangaliwa ni kama bima ilikuwa hai siku ya ajali.

Sasa PF3, fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha ya mgonjwa. Hapa ndipo watu wa Tanga wanapoumia mara ya pili. Ndugu anakimbia kituo cha polisi, anapewa fomu, anaipeleka wodini. Daktari anajaza sehemu yake, fomu inaingia kwenye faili la mgonjwa. Baada ya wiki mbili mgonjwa anaruhusiwa, mguu una plasta, kila mtu anawaza safari ya zaidi ya kilomita 300. Wanapanda basi Mbezi wakiamini hospitali itairudisha fomu polisi. Hospitali hairudishi, hiyo ni kazi ya mgonjwa au ndugu yake. Fomu inakaa kwenye faili, na kule trafiki jalada halina kitu kinachoonyesha kuna mtu aliyeumia. Dereva anaweza kushtakiwa kwa uzembe tu, anakiri, analipa faini, jalada linafungwa. Mwaka mmoja baadaye majeruhi anakwenda kudai, anaulizwa: ushahidi kwamba uliumia katika ajali hii uko wapi? Hapo ndipo safari za Dar zinapoanza, na kila safari ni nauli, chakula na mahali pa kulala.

Kwa hiyo usiwe waja leo waondoka leo. Hakikisha daktari ameandika aina ya jeraha, amesaini na kugonga mhuri. Toa nakala tatu, rudisha fomu kwa mpelelezi wa ajali, chukua namba ya jalada na simu ya mpelelezi huyo. Mwombe akujulishe tarehe ya kesi. Kesi ikiisha, omba mahakamani nakala ya hati ya mashtaka na ya hukumu. Hukumu ya mwisho iliyomtia dereva hatiani ni ushahidi mzito kwenye kesi yako ya fidia, kwa hiyo akikiri kosa usidhani umepoteza; ulichopoteza ni pale usipoichukua hiyo nakala. Ongeza ripoti ya polisi ya ajali, mchoro wa eneo na ripoti ya ukaguzi wa gari.

Dereva au mwenye gari akisema "tuyamalize hapahapa", pokea msaada wa matibabu ukitaka, lakini usisaini karatasi inayosema huna madai tena. Mfupa uliofungwa chuma huenda ukahitaji upasuaji mwingine wa kukitoa, na kiwango cha ulemavu wa kudumu hakipimiki vizuri kabla kidonda hakijapona. Matibabu ukiyaendeleza hospitali ya Bombo, Tanga, risiti na kadi za kliniki zitunze pamoja na za Dar, hata tiketi za basi. Gharama halisi mahakama inataka zithibitishwe moja moja. Fidia ya maumivu na ulemavu ndiyo hakimu huipima mwenyewe.

Njia ya kudai huanzia kwa kampuni ya bima: barua, nyaraka zote, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Wakikataa au wakikuzungusha, yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mahakamani unamshtaki dereva pamoja na mwenye gari, na kampuni ya bima uijulishe kwa maandishi kabla ya kufungua kesi. Muda ni miaka 3 tangu ajali. Gari likiwa la serikali, namba za STK, STL, SM au SU, lazima utoe notisi ya siku 90 kwanza, kisha kesi iende Mahakama Kuu. Basi usikae hadi mwaka wa tatu. Aliyeumia akiwa kazini ana pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kupitia mwajiri. Majeruhi akifariki, familia iteue msimamizi wa mirathi na athibitishwe na mahakama, la sivyo hakuna wa kusaini madai.

Jihadhari na vishoka wanaozunguka wodini na vituoni wakiahidi "kukufuatilia". Wakili wa kweli jina lake liko kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Asiye na uwezo aulizie wasaidizi wa kisheria wilayani kwake. Nyaraka halisi usimwachie mtu. Hundi isiandikwe jina la mwingine. Makubaliano ya malipo ya wakili yawe kwa maandishi, na kabla ya kusaini lolote msomee mtu wa pili nyumbani.